Pembe Niliyoipima Mara Moja

Ukipewa protrakta, kijana, usiitumie kwanza. Iangalie vile ungemwangalia mtu anayekuuzia ploti huku Mugutha halafu hataki uongee na majirani. Igeuze. Ishike kwenye mwanga. Utaona ina safu mbili za namba, moja inapanda kutoka kulia, nyingine inapanda kutoka kushoto, na zote zimechapwa vizuri. Safu moja itakwambia kweli na nyingine itakudanganya. Ni ipi? Inategemea umeanzia upande gani, na chombo chenyewe hakitakwambia.

Mimi nilichora ramani za mashamba kwa miaka thelathini na kitu. Nilianza miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, katika ofisi ya mabati pale Thika ambayo leo hamtaona hata msingi wake. Watu wa nyumbani kwangu wanasema nimezidi kushuku. Bibi yenu akiniwekea chai huniuliza kama ningependa kuipima kabla sijanywa. Wacha acheke. Kushuku ndiko kulikomlisha yeye na watoto wake. Ninachotaka kuwaambia ni habari ya siku moja ambayo sikushuku, na mtu mwingine karibu alipe.

Lakini kwanza mjue kazi yenyewe, maana nyinyi siku hizi mnabonyeza simu na ramani inakuja.

Kule rizavu, ardhi iliyotengewa Wakikuyu, kwenye matuta yaliyo juu ya mashamba ya kahawa ya Ruiru, mtu alikuwa na vipande vya ardhi sita, saba, kila kimoja mahali pake. Kimoja cha babu, kimoja alichonunua kwa mbuzi, kingine kando ya mto. Serikali ikasema vipande vijumlishwe na kila mtu apewe shamba moja. Kamati ya wazee ndiyo iliyoamua nani akae wapi. Wapimaji walivuta mnyororo, wakaleta vipimo Thika, na sisi tukachora, inchi moja ya karatasi kwa futi mia mbili za ardhi. Kisha kazi ikageuka. Shamba jipya likishachorwa, lazima mtu atoe urefu na pembe kutoka kwenye karatasi, aziandike kwenye daftari, na daftari lipelekwe kule juu vigingi vikapigwe kwa kulifuata. Mtu wa daftari la vigingi alikuwa mimi.

Hakuna aliyemwamini mwenzake wakati huo. Waume wa wengine walikuwa kizuizini, nyuma ya seng'enge, na wengine walikuwa homugadi, walinzi wa kijiji wa upande wa serikali. Waliokaa kwenye kamati walikuwa wale waliokuwepo, na asiyekuwepo hakuwa na wa kumsemea. Watu walikuja wakasimama nje ya ua wa ofisi yetu wakitazama dirishani, hawasemi kitu, wanatazama penseli tu. Mwanzoni niliona ni ushamba. Baadaye nilielewa kwamba walikuwa na haki ya kutazama.

Aliyenifundisha ni Mzee Wafula, Mbukusu kutoka upande wa Kimilili, mrefu, mtu wa kanisa, suruali yake imepigwa pasi kila siku hata kama tunakaa vumbini. Alishuku kila kitu isipokuwa Mungu, na hata Mungu alimwomba mara mbili kabla ya kula. Siku yangu ya kwanza alinipa rula akaniambia nichore mstari wa inchi sita. Nikaweka sifuri kwenye nukta, nikachora. Akaichukua rula akaigeuza kunionyesha ncha yake.

"Rula ikianguka huangukia wapi?" akaniuliza.

"Chini, Mzee."

"Huangukia ncha. Kila siku ncha. Sasa hii sifuri yako imeliwa. Anzia kwenye moja, halafu toa moja."

Ushauri mzuri. Lakini mimi wiki iliyofuata nilianzia kwenye moja, nikasahau kutoa moja, na kiwanja cha kanisa fulani kikaongezeka inchi nzima, yaani futi mia mbili, kikavuka mto kikatokea ng'ambo. Mzee Wafula aliitazama karatasi. "Hawa ndugu zetu watabatizwa bila kuinuka kwenye viti," akasema, akanipa kifutio. Ofisi nzima ilicheka hadi saa ya chai.

Alinifundisha kushuku pembetatu ya kuchorea. Chora nayo mstari uliosimama, kisha ipindue kifudifudi, uchore tena palepale. Mistari miwili ikilaliana, chombo ni kizima. Ikiachana hata kwa unywele, kitupe au kipe adui yako. Alinifundisha kushuku bikari, kwa sababu skrubu yake hulegea pole pole mkononi, na duara unalofunga si lile ulilolianza. Alinifundisha kutoamini karatasi wakati wa mvua za masika, kwani karatasi huvuta unyevu ikatanuka. Na penseli, jamani, penseli! Ncha butu inachora mstari mnene, na mstari mnene kwenye kipimo chetu ulikuwa futi nne za ardhi ya mtu. "Chonga kwanza," Mzee Wafula alikuwa akisema, "usimnyang'anye mtu shamba kwa uvivu wa kuchonga." Siku hizi naona watoto wakichora na kalamu zenye wino unaovuja, nanyamaza tu.

Pembe ndiyo aliyoiogopa kuliko vyote. Sheria yake ilikuwa hivi. Kabla hujagusa protrakta, itazame pembe kwa macho useme kwa sauti: kali au butu? Pembe kali ni ile iliyobana, namba yake haifiki tisini. Butu ni ile iliyopanuka, namba yake imepita tisini. Ukishasema, pima. Kisha geuza protrakta, pima tena kutoka mkono wa pili wa ile pembe. Vipimo viwili vikikubaliana, na vikikubaliana na jicho lako, weka alama ya tiki pembeni ya namba. Bila tiki, hakuna pembe.

"Thelathini haiwezi kukudanganya," alisema. "Ukisoma mia na hamsini badala ya thelathini hata kipofu atakushtua. Mwizi ni yule anayekaa karibu na tisini. Themanini na nne na tisini na sita. Hao wanafanana."

Nilisikia. Niliitikia. Nikaweza hata kuwaelezea makarani wengine, kwa sauti ya mtu anayejua.

Sasa njooni kwenye habari yenyewe. Ilikuwa Jumanne, mvua zimeanza, na mama mmoja akaingia ofisini na matope hadi magotini. Alikuwa ameshuka kutoka matutani kwa miguu mpaka Ruiru, kisha akapanda lori la kahawa hadi Thika, na karatasi ya ruhusa ya chifu ameifunga kwenye ncha ya leso. Aliitwa Nyina wa Mbugua, mama yake Mbugua. Mume wake alikuwa kizuizini mwaka wa tatu. Alisimama mbele ya meza yangu akasema bila salamu ndefu:

"Mpaka wangu umepinda."

"Umepinda vipi, maitu?" nikamuuliza, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikuyu.

"Nimepanda mahindi. Mistari inakwenda kutoka mpaka hadi mpaka. Pale juu barabarani mstari wangu una mashimo hamsini. Nikishuka, mashimo yanapungua. Chini mtoni nina mashimo ishirini na tisa. Na kamati iliniambia ninapanuka kuelekea mtoni, kwa sababu kile kipande changu cha nduma kilichukuliwa, ndiyo nikapewa upana chini."

Niwaambie ukweli, kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba kuna mtu amemfundisha. Nani amemtuma? Wake wa waliofungwa walikuja kila siku na malalamiko, na karani wa mlangoni alishaniambia nisiwasikilize, ati wanatumiwa. Nikamwangalia mikono, nikamwangalia uso, nikitafuta uongo. Nikamjibu kwa ile sauti ya ofisi:

"Maitu, pengine hukupanda kwa nafasi sawa. Namba hazidanganyi."

"Hazidanganyi," akasema. "Lakini zinaandikwa na nani?"

Mzee Wafula aliweka penseli yake chini. Aliuliza kutoka mezani kwake shamba la huyu mama limepakana na la nani upande unaobana. Nikajibu kwamba limepakana na la Mzee Kariuki. Nilipolitaja jina hilo nilihisi shingo inapata moto, na sijui kama Mzee Wafula aliona.

Mzee Kariuki alikuwa mmoja wa wale wazee wa kamati. Pia alikuwa baba yake Wambui. Wambui alifundisha watoto Jumapili kanisani, na mimi nilikuwa nimeshakwenda kwao mara mbili kunywa chai nikiwa nimevaa koti la kuazima. Mara ya pili mzee aliniuliza ukoo wangu na babu yangu alizikwa wapi, na nyinyi mnajua mzee akianza kuuliza hivyo anaelekea wapi. Wiki tatu kabla ya huyu mama kuja, Kariuki alikuwa amenitumia kikapu cha nduma. Nilizipika. Hata Mzee Wafula nilimpa mbili. Mkono mtupu haulambwi, ndivyo watu husema, lakini mimi sikufikiria hivyo wakati nakula. Nilifikiri napendwa.

Mzee Wafula alimwambia mama yule akae kwenye benchi. Akalitandaza lile shiti la ramani, akaweka kidole kwenye kona ya barabarani, pale mpaka wa Nyina wa Mbugua na Kariuki unapoanza kushuka.

"Kwa jicho," akasema. "Upande wa mama. Kali au butu?"

Nikatazama. "Butu."

"Fungua daftari."

Nikafungua. Mpaka wa pamoja huandikwa mara moja tu, kwenye ukurasa wa shamba linalotangulia kwa namba, na lililotangulia lilikuwa la mama. Kwenye kona ile, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na nambari nane yangu niliyokuwa najivunia, palikuwa pameandikwa themanini na nne.

Nilikuwa nimesoma safu isiyo yake. Pembe ilikuwa tisini na sita. Kila kitu kinatoka hapo: badala ya mpaka kufunguka kuelekea mtoni, uliingia ndani ya shamba lake, na mpaka ukifika chini, futi mia sita kutoka barabarani, alikuwa amepoteza hatua arobaini na mbili za kando ya mto. Hapo ndipo nduma humea. Mashimo hamsini yalipaswa kuongezeka hadi sabini na moja, sio kushuka hadi ishirini na tisa. Hakuwa ameenda shule hata siku moja, na hesabu yake ilitoka sawasawa.

Mzee Wafula hakunigombeza. Alifungua ukurasa wa pili, wa shamba la Kariuki, na akapitisha kidole pembeni mwa namba. Tiki. Tiki. Tiki. Kila kona imepimwa mara mbili. Kisha akarudi ukurasa wa mama akapitisha kidole hivyo hivyo. Hapakuwa na tiki hata moja.

"Ulikuwa umechoka?" akaniuliza polepole, mama asisikie.

"Ndiyo, Mzee."

"Ulichokea ukurasa huu, halafu ukapumzika kwenye ule?"

Vijana, mimi sikuhongwa. Nawaapia hilo, na sitaliapa tena. Lakini nilijua Mzee Kariuki atavitembelea vigingi vyake mwenyewe, atavihesabu, na nilitaka akute kazi safi, ajue kijana anayetaka binti yake ni mtu makini. Na kuhusu yule mama nilijua nini? Nilijua hana mume wa kuja kuuliza. Sikujiambia hivyo kwa maneno, lakini mkono wangu ulikuwa unajua. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona kabla, na bado ninaiona ninapoandika hapa.

Ramani zile zilikuwa zinapelekwa kutiwa sahihi Ijumaa. Zikitiwa sahihi, mistari inapigwa wino kulingana na vigingi vilivyopigwa, na baada ya hapo hakuna kesi, hata ulie. Mzee Wafula alimwambia mama arudi nyumbani, tutaangalia. Mama alimwangalia yeye, akaniangalia mimi, akatoka. Hakuamini hata neno moja. Kisha Mzee Wafula akaniambia: "Mwandiko ni wako. Mdomo ni wako pia. Nitangoja hadi Alhamisi asubuhi."

Mnaweza kusema, si ungesema tu palepale? Nyinyi hamkuwa na pasi mfukoni, ile karatasi ya kuruhusiwa kukaa mjini. Mkikuyu aliyefukuzwa kazi Thika enzi hizo alipoteza ruhusa ya kukaa Thika, na akirudishwa rizavu anaulizwa kwa nini amefukuzwa, na anayeuliza hana haraka. Na ningesema nini? Kwamba nilikosea? Kosa limempa shamba baba wa msichana ninayemtaka, na nduma zake nimekula. Nani angeamini? Mimi mwenyewe nisingeamini.

Jumatano saa ya chakula Mzee Kariuki akaja. Alisimama nje ya ua, kofia imekaa sawa, fimbo mkononi. Nikatoka kumwamkia.

"Nasikia yule mama alishuka huku," akasema.

"Alikuja, baba."

"Watu wana maneno. Mimi nimewahi kukuomba kitu?"

"Hapana, baba."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Basi. Vigingi vimeshapigwa, mahindi yameota. Kuvisumbua sasa ni kuleta fitina kijijini, na fitina ikianza haijulikani itamkuta nani." Akageuka, kisha akakumbuka. "Wambui anakusalimia."

Alipokuwa anaondoka nilitazama hatua zake. Mzee huyu alikuwa anatembea kwa hatua zilizo sawa, hatua za mtu aliyezoea kupima kwa miguu. Nikaelewa kwamba alikuwa ameshatembea mpaka ule kutoka barabarani hadi mtoni, zamani, siku ya kwanza kabisa. Aliiona ile ardhi ya ziada. Akanyamaza, na huenda alidhani ni mimi nimemzawadia, na kwamba sasa tunaelewana. Sikuweza kujua kama alinitumia zile nduma kabla au baada ya kujua, na nilijaribu kuhesabu siku, nikashindwa.

Alhamisi asubuhi niliingia kwa Mzungu wetu, mkuu wa ofisi. Nikamwambia nimesoma pembe vibaya, shamba namba fulani. Alinisikiliza akiwa anajaza kiko. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Huyo mwanamke amekupa nini?"

Akaendelea, kwa Kiswahili chake cha amri: mume yuko kizuizini, wewe unataka kuchukua ardhi ya mzee wa kamati, mtu mwaminifu, umpe mke wa mfungwa? Nani amekutuma? Unakaa na nani huko majengoni? Nikaona nimejifunga kamba mwenyewe. Nilikuja kukiri kosa lililompendelea Kariuki, sasa nashukiwa kupendelea upande wa pili, na upande huo adhabu yake ilikuwa mbaya zaidi.

Mlango ukagongwa. Mzee Wafula aliingia na shiti la ramani chini ya kwapa na protrakta mkononi. Hakuniangalia. Akalitandaza mezani juu ya barua zote za Mzungu.

"Bwana," akasema, "usituamini sisi. Pima mwenyewe."

Mzungu akachukua protrakta. Akaweka kitovu chake kwenye kona, akainama, akasoma.

"Themanini na nne," akasema, na akaniangalia kwa ushindi. "Daftari liko sawa."

Mzee Wafula akaweka kidole kwenye kona ile ile.

"Kweli, Bwana. Sasa tuangalie kwa jicho tu, bila chombo. Ni kali au ni butu?"

Mzungu akainama tena. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikaona masikio yake yanaanza kuwa mekundu, kutoka juu kushuka chini. Kwenye ofisi ile hakuna aliyethubutu kutabasamu, lakini mimi, pamoja na hofu yote niliyokuwa nayo, nilihitaji kuuma shavu. Aliiweka protrakta chini kwa uangalifu. "Sahihisheni," akasema. "Kesho asubuhi, kabla ya sahihi. Na huyu asiguse daftari kwa miezi sita."

Miezi sita nilichonga penseli na kuchora barabara. Nilishukuru Mungu, nikamwiga Mzee Wafula, nikashukuru mara mbili.

Kuhusu Wambui, niwamalizie hapa ili msiendelee kuuliza. Aliolewa Ngoliba na mwenye duka. Sikualikwa. Niliumia mwaka mzima, na nikimwona mtu amebeba kikapu barabarani nilikuwa nahamia upande mwingine. Bibi yenu nilimpata baadaye na ni bora mara mia, na kama atasoma hapa ajue nimeandika hivyo bila kulazimishwa.

Ijumaa hiyo tulipanda juu na mvua ikinyunya. Daftari alilishika Mzee Wafula, mimi nikavuta mnyororo. Tulitoa pembe mraba pale barabarani kwa kamba yenye mafundo, upande wa mafundo matatu, wa manne na wa matano, vile waashi hufanya, kisha tukaufungua mpaka kuelekea upande wa Kariuki kadiri ramani ilivyosema. Kariuki alikuwa amesimama ndani ya shamba lake amekunja mikono. Majirani nao walikuja, kila mmoja na shuka lake kichwani. Tuliteremka hadi mtoni. Nikapiga kigingi cha mwisho kwenye udongo mweusi, hatua arobaini na mbili kutoka kile cha zamani, nikainua kichwa. Nilidhani mama atashukuru. Nilitaka sana ashukuru.

Nyina wa Mbugua alikuja akasimama mbele yangu.

"Shamba la Kariuki mlilipima mara ngapi?"

Kariuki alikuwa pale anasikia. Majirani walikuwa pale. Mzee Wafula alijifanya anafunga daftari. Ningeweza kusema chochote, hakuna hata mmoja kati yao aliyejua maana ya tiki.

"Mara mbili," nikasema.

"Na langu?"

"Mara moja."

Hakukasirika. Alitikisa kichwa tu, vile mtu hutikisa akiambiwa kitu anachokijua.

"Tangu wamchukue baba Mbugua, kila kitu changu hupimwa mara moja," akasema. "Unga, mara moja. Kazi ya lazima ya mtaro, nikisema nimemaliza siulizwi mara ya pili, naandikiwa sijamaliza. Nilidhani ardhi itakuwa tofauti."

Akainama, akashika kile kigingi nilichokuwa nimetoka kukipiga, akakitikisa mpaka kikatoka, akanikabidhi kikiwa na matope yake.

"Rudi barabarani," akasema. "Anza upya."

Nilimwangalia Mzee Wafula. Yeye alikuwa ameshaanza kupanda mlima. Tukarudi futi mia sita zote, kwenye utelezi, tukafunga kamba upya, tukatoa pembe upya, tukavuta mnyororo upya, na safari hii nilisema kila kipimo kwa sauti ili mama asikie, na yeye akatembea kando yangu akihesabu hatua zake. Mvua iliongezeka. Hakuna jirani aliyeondoka. Tulipofika mtoni nilisimamisha kigingi pale mnyororo ulipoishia, na ncha yake ikaingia kwenye shimo lile lile.

Mama alilitazama lile shimo. Kisha akanyoosha mkono, akanipokonya nyundo, akakipigilia mwenyewe.